Jeevanjee: Mwenye gazeti aliyekosa pa kusemea

Chukulia wewe ni kijana wa Kisumu na una ukurasa mtandaoni unaouza samaki. Asubuhi unafika ufuo wa Dunga, unapiga picha ngege na mbuta wangali wabichi, unaweka bei na nambari ya simu. Kufikia saa sita mchana wateja wa Milimani na Kondele wameshaagiza, na wengine wa Nairobi wanauliza kama basi la jioni linabeba mzigo. Umeujenga ukurasa huo kwa miaka mitatu, usiku na mchana. Kisha siku moja anakuja mtu na donge nono, nawe unamuuzia. Baada ya muda, ukurasa uleule unaanza kuwaambia watu kwamba wewe na jamaa zako hamfai kufanya biashara mjini. Utafanya nini?

Usicheke. Kuna mtu ambaye jambo la namna hiyo lilimpata zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa katika Afrika Mashariki ya wakati wake. Jina lake ni Alibhai Mulla Jeevanjee.

Huenda jina hilo unalijua kwa sababu ya ile bustani ya Nairobi, ambapo watu hupumzika kwenye nyasi wakisubiri saa ya kurudi nyumbani. Lakini je, wajua kwamba gazeti tunaloliita The Standard leo lilianzishwa na yeye? Na wajua kwamba katika jina la kwanza la gazeti hilo, sehemu zetu hizi za ziwa zilikuwemo? Tulia nikusimulie.

Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 mjini Karachi, katika familia ya Mabohora. Siku hizo Karachi ilikuwa chini ya India ya Waingereza. Leo iko Pakistan. Shule hakuipata sana. Alichokipata ni barabara. Akiwa kijana alizunguka India akichuuza, akanunua hapa na kuuza pale, na baadaye akavuka bahari hadi Australia kufanya biashara. Alirudi Karachi akiwa na mtaji na ujuzi ambao mwalimu hakumpa: alijua kwamba penye watu wapya hapakosi mahitaji mapya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala upande huu, Imperial British East Africa Company, ilimpa kazi. Akafungua tawi Mombasa. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulipoanza kutoka Mombasa kuelekea ziwani, mwanakandarasi aliyekuwa tayari ni nani? Ni yeye. Aliwaleta vibarua kutoka India, akawapelekea chakula njiani, akachimba na kujaza udongo, akachonga mawe na kujenga nyumba na vituo.

Hapa ndipo hadithi inaingia mlangoni kwetu. Reli ile haikujengwa ili ifike Nairobi. Nairobi ilikuwa kituo tu cha katikati, mahali pa kupumulia kabla ya kupanda milima. Mwisho wa safari ulikuwa ni ziwa. Desemba 20, 1901, reli ilifika ufuoni, mahali walipopaita Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mmoja wa wahandisi. Port Florence ndiyo Kisumu. Takriban wafanyakazi 32,000 walikuwa wameletwa kutoka India kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walifia huku. Kila unapopita karibu na stesheni ya zamani, kumbuka hesabu hiyo.

Sasa jifikirie ukiwa mfanyabiashara wa mwaka 1902. Reli imefika. Bandarini Kisumu meli zinaungwa vipande kwa vipande: William Mackinnon imeshaingia majini, Winifred na Sybil zinafuata. Ngozi na pembe za ndovu zinatoka upande wa Uganda, nguo na mabati yanapanda kutoka Mombasa. Mfanyabiashara Allidina Visram ameshatandaza maduka yake kando ya njia hiyo, Kisumu ikiwemo. Kila mtu ana kitu cha kuuza. Swali ni moja: mnunuzi aliyeko Entebbe atajuaje kwamba mzigo wako umefika Mombasa?

Simu ya mkononi haipo. Redio haipo. Kuna barua, kuna waya wa telegrafu ambao hulipiwa kwa neno, na kuna gazeti.

Jeevanjee akaanzisha gazeti. Lilikuwa la kila wiki, likichapishwa Mombasa kwa Kiingereza, na mwaka 1902 ndio ambao kampuni ya Standard yenyewe huuhesabu kuwa mwanzo wake. Jina lake lilikuwa refu kama treni la mizigo: The African Standard, Mombasa Times and Uganda Argus. Ukilisoma polepole utaona ni ramani. Linaanza na Afrika, linashika Mombasa, linamalizikia Uganda. Na usisahau kwamba hadi mwaka huo wa 1902, Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ndipo Waingereza wakahamisha mpaka na kutuingiza katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo mwenye gazeti alipotia neno Uganda kwenye jina, alikuwa anawalenga wasomaji na wanunuzi wa mwisho wa reli, watu wa ufuo huu.

Si kwamba hapakuwa na gazeti jingine. East Africa and Uganda Mail lilikuwa limeanza Mombasa mwaka 1899. Lakini Jeevanjee hakutaka kuwa mteja wa ukurasa wa mtu mwingine. Mwenyewe alikuwa na meli zilizosafiri kati ya India na Mombasa, alikuwa na kandarasi, alikuwa na majengo. Mtu kama huyo ana mambo ya kutangaza kila wiki. Akamwajiri Mwingereza, W. H. Tiller, awe mhariri, naye akabaki mwenye mali.

Ili uelewe alichokishika mkononi, hebu tutoke kidogo tuende Marekani, kwani biashara ya matangazo ya magazeti ilikuwa imeshakomaa kule.

Mnamo miaka ya 1840, mtu aitwaye Volney Palmer alifungua ofisi Philadelphia ambayo kazi yake ilikuwa kupokea matangazo ya wafanyabiashara na kuyapeleka magazetini, yeye akikata kamisheni yake. Huyo ndiye anayetajwa kuwa wakala wa kwanza wa matangazo nchini humo. Mwaka 1865 kijana mwingine, George Rowell, akaja na ujanja mkubwa zaidi huko Boston. Aliwaendea wenye magazeti madogo ya vijijini, akanunua nafasi kwao kwa jumla na kwa bei ya chini, kisha akawauzia wafanyabiashara rejareja: inchi moja ya nafasi, kwa mwezi mzima, katika magazeti 100, kwa dola 100. Wewe muuzaji wa dawa au mbegu hukuwa na haja ya kuandika barua 100. Uliandika moja.

Lakini Rowell akagundua tatizo ambalo hata leo linakusumbua unapolipia tangazo mtandaoni. Wenye magazeti walidanganya idadi ya wasomaji. Mwenye nakala 800 alisema anazo 3,000, kama vile leo mtu anavyonunua wafuasi hewa. Mwaka 1869 Rowell akachapisha kitabu chenye orodha ya magazeti zaidi ya 5,000 ya Marekani, na pembeni ya majina akaweka makadirio yake ya nakala zinazochapwa. Wenye magazeti wengi walimkasirikia. Walimkasirikia kwa sababu kuanzia siku hiyo mtangazaji aliweza kuuliza: mbona bei yako ni kubwa na wasomaji wako ni wachache?

Funzo la Rowell ni hili: gazeti lina bidhaa mbili. Ya kwanza ni karatasi yenye habari, ambayo unamuuzia msomaji kwa senti chache. Ya pili ni msomaji mwenyewe, macho yake, ambayo unamuuzia mwenye duka. Bidhaa ya pili ndiyo huleta hela nyingi. Ndiyo maana magazeti mengi ya zamani yaliujaza ukurasa wa kwanza matangazo, habari zikafuata ndani. Anayemiliki gazeti anamiliki njia inayopita kati ya muuzaji na mnunuzi. Na njia ileile, bwana, hupitisha pia siasa.

Turudi kwa Jeevanjee. Miaka hiyo ilikuwa yake. Mwaka 1904 alijenga soko Nairobi. Mwaka 1906 aliupa mji ile bustani, na ndani yake ikawekwa sanamu ya Malkia Victoria, ikazinduliwa na mtoto wa Malkia mwenyewe, Duke wa Connaught. Mtu aliyeanza kwa kuchuuza njiani sasa anawapa Waingereza zawadi. Ungekuwa wewe, si ungeona umefika?

Mwaka 1905, katikati ya neema hiyo yote, aliliuza gazeti. Wanunuzi walikuwa Wazungu wawili. Walilibadilisha jina likawa East African Standard, na kufikia 1910 lilikuwa limehamia Nairobi na kuwa gazeti la kila siku. Kwa hesabu ya biashara ilikuwa mauzo ya kawaida. Mtu ana meli, ana kandarasi, ana nyumba za kupangisha. Gazeti ni mali moja tu kati ya nyingi.

Lakini angalia kilichokuwa kikitokea nchini. Walowezi wa Kizungu walikuwa wakimiminika, wakitaka mashamba ya nyanda za juu yawe yao peke yao. Kufikia 1908 serikali ya Uingereza ilikuwa imeridhia kwamba ardhi hiyo wagawiwe Wazungu. Mhindi aliyekuwa amefuata reli hadi mwisho wake aliruhusiwa kuuza sukari na nguo, ila si kulima pale. Mwafrika mwenye ardhi hakuulizwa kabisa. Na gazeti kubwa la nchi, lile ambalo Jeevanjee alilizaa, likawa sauti ya walowezi. Wasomaji wake walikuwa hao, watangazaji wake wakubwa walikuwa hao, basi na maoni yake yakawa hayo. Kumbuka zile bidhaa mbili: mwenye gazeti humpendeza yule anayelipa.

Mwaka 1909 serikali ilimteua Jeevanjee kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. Ni heshima kubwa, lakini alikuwa peke yake. Akisema, nje ya ukumbi nani atayaandika maneno yake, na atayaandika vipi? Miaka michache nyuma angemwita mhariri wake. Sasa mhariri ni wa watu wengine.

Tazama basi alivyohangaika. Mwaka 1910 alisafiri hadi London na kueleza malalamiko ya Wahindi wa Afrika Mashariki kwa gazeti la kule, Daily Chronicle. Fikiria safari hiyo: majuma baharini, ili kusema katika gazeti la watu jambo ambalo zamani angelisema katika gazeti lake, kwa kuvuka barabara tu Mombasa. Mwaka 1912 alichapisha kijitabu cha kutetea haki za Wahindi. Kijitabu, si gazeti. Kijitabu hakina matangazo ya kukilipia, hakirudi wiki ijayo, na hakimfikii asiyekitafuta.

Na mwaka huohuo wa 1912, East African Standard lilitoa kitabu chake, Red Book. Hicho kilikuwa kitabu cha mwongozo na orodha kwa Afrika Mashariki: wakazi, biashara na ofisi, pamoja na matangazo. Hakikuwa cha kwanza. Mwaka 1909 palikuwa na kitabu cha mwaka cha Drumkey cha namna hiyo. Lakini cha Standard kilikuwa na gazeti la kila siku nyuma yake, na kikaendelea kutolewa mara kwa mara katika miaka iliyofuata. Ukitaka kujua leo umuhimu wake, ni kama kuonekana kwenye ramani ya simu. Duka lisiloonekana pale, mgeni hulipita. Kwa hiyo kampuni aliyoianzisha Jeevanjee sasa iliamua habari gani zisomwe asubuhi, na pia ilipanga nani ni nani katika nchi.

Hakukata tamaa, hilo lazima tumpe. Machi 1914 aliongoza kikao cha kwanza cha East African Indian National Congress mjini Mombasa. Mwaka 1923, London ilipokuwa ikiamua hatima ya Wahindi na Wazungu wa Kenya, alikuwa katika ujumbe wa Wahindi uliokwenda kujitetea. Waraka uliotoka ulisema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie, jambo ambalo Waafrika walichelewa sana kuliona kwa vitendo. Wahindi walipata viti vitano vya kuchaguliwa barazani, Wazungu 11. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu.

Wahindi wengine walikuwa wamejaribu kuziba pengo la gazeti. Manilal Desai alianzisha East African Chronicle Nairobi, na katika ofisi yake alimsaidia kijana wa Kikuyu, Harry Thuku, kuchapa karatasi ya Kiswahili mwaka 1921. Jina la karatasi hiyo? Tangazo. Ndiyo, neno lilelile tunaloliandika juu ya bei ya omena. Mwaka uliofuata Thuku alikamatwa, na Chronicle nalo halikudumu.

Jeevanjee alifariki Nairobi mwezi Mei 1936. Kufikia hapo sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imeyeyuka. Meli hazikuwepo tena. Gazeti lilikuwa linastawi, bila yeye.

Sasa utaniuliza, haya yote yanamhusu nini kijana wa Kisumu? Yanakuhusu, tena sana. Wazee wetu wa huku ziwani walilielewa somo hili mapema. Katikati ya miaka ya 1940 Achieng Oneko alikuwa akihariri Ramogi, gazeti la Kijaluo. Mwaka 1947 mwalimu mmoja aliyeacha kazi Maseno, Oginga Odinga, aliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation, watu wakanunua hisa kwa shilingi zao chache, na shirika hilo likaingia katika uchapaji wa magazeti. Kwa nini watu waliohitaji maduka na hoteli waweke hela kwenye mtambo wa kuchapa? Kwa sababu walikuwa wameona kwamba asiye na mtambo huomba nafasi kwa mwenye mtambo, na mwenye mtambo ana marafiki zake. Barabara kuu ya Kisumu leo ina jina la Odinga, na majengo ya zamani ya Wahindi bado yamesimama kando yake. Historia mbili, barabara moja.

Simwambii mtu asiuze mali yake. Jeevanjee alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara huuza. Kosa lake, kama tutaliita kosa, ni kulihesabu gazeti kama ghala au meli. Ukiuza ghala, unajenga jingine. Ukiuza mahali ambapo watu wamezoea kukusikiliza, wale watu hawakufuati. Wanabaki na yule aliyenunua. Kwa hiyo kabla hujampa mtu nywila ya ukurasa wenu wa kikundi, au kabla chama cha wavuvi wa ufuo wenu hakijamwachia mfadhili kuendesha ukurasa wake, jiulizeni: siku tukitaka kulalamika, tutalalamikia wapi?

Kuna jambo moja la mwisho. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kujenga jumba kubwa juu ya bustani ya Jeevanjee. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuipinga, na bustani ikaokolewa. Ukienda Nairobi, pitia pale mchana. Utakuta vikundi vya watu wamekusanyika, wanabishana juu ya bei ya unga, serikali na kura, bila kulipia inchi hata moja ya nafasi. Kaa kwenye nyasi uwasikilize kidogo kabla ya kupanda basi la kurudi Kisumu.